Aliyefia Kwenye Mashine ya Kodi

Kwa karibu wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu sikujua nilikuwa nimeibonyeza ile herufi mara ngapi. Herufi yenyewe ilikuwa Y. Mashine iliuliza swali, mimi nikabonyeza Y, na watu wawili wakawa mtu mmoja. Mara nyingi hilo lilikuwa sawa, kwa maana kulikuwa na watu walioandikishwa mara mbili na makarani wa zamani. Mara nyingine halikuwa sawa. Mara ngapi? Kumi? Mia? Mashine haikuweka kumbukumbu, na mimi, ambaye siwezi kutoka nyumbani bila kurudi kuangalia kama nimefunga kufuli, sikuwa nimeandika popote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea hesabu, na cheti changu kilikuwa kimekaa ndani ya bahasha ya kaki kwa miezi mingi bila mtu wa kukitazama. Wazazi wangu walihamia Shimba Hills kutoka Ukambani kabla sijazaliwa. Walipewa shamba la skimu ya makazi ya serikali, wakapanda michungwa na mahindi, wakagombana na ndovu kila msimu. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili nisome. Hakuwahi kunitajia ng'ombe hao, na kwa sababu hakuwahi kuwataja, niliwafikiria kila siku. Kwa hiyo nilipopata kazi ya mkataba katika ofisi ya kodi pale Kwale mjini, mama alishukuru kanisani kwa sauti mpaka nikaona haya.

Kazi ilikuwa kuhamisha kadi za walipa kodi kutoka kwenye masanduku ya mbao na kuziingiza kwenye kompyuta. Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja. Tuliiita mashine, na mama wa masjala, karani aliyetunza mafaili kwa miaka mingi kuliko umri wangu, alikuwa ameifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. "Hata ya serikali lazima isitiriwe," alisema. Kila asubuhi nilikikunja kitambaa kile na kukiweka juu ya printa, kisha nikawasha na kungoja.

Kijana mmoja alikuja kutoka Nairobi kutufundisha kwa siku mbili. Alivaa tai katika joto lile bila kulalamika. Alinionyesha jinsi ya kujaza majina matatu, tarafa, kazi na namba ya mlipa kodi. Kisha akanionyesha lile swali. Ukiingiza mtu ambaye majina yake matatu na tarafa yake vinafanana na vya mtu aliye tayari ndani, mashine ilisema rekodi hiyo ipo, ikauliza uiunganishe au la.

"Wewe bonyeza Y," alisema.

"Na kama ni watu wawili tofauti?"

"Majina matatu yote? Na tarafa?" Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama jua linaweza kuchomoza mara mbili. "Haitokei. Na usibonyeze N. Ukibonyeza N inaganda."

Ilikuwa kweli. Ukijibu hapana, kioo kilisimama, herufi za kijani zikakutazama, na hapakuwa na la kufanya ila kuizima. Mashine ilihifadhi kazi jioni tu, wakati wa kufunga, kwa hiyo ukiizima mchana umepoteza kila ulichoingiza tangu asubuhi. Nilibonyeza N mara mbili wiki ya kwanza. Baada ya hapo nikawa nabonyeza Y.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikuweza kujisamehe kwa urahisi. Yule kijana wa Nairobi hakujua. Mimi nilijua. Nililelewa miongoni mwa Wadigo na Waduruma, nikasoma nao darasa moja. Nilijua kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Nilijua kwamba mtu akiwa na wake wawili, kila mke ana haki ya kumwita mwanawe wa kwanza jina hilo hilo, kwa sababu kila nyumba inaanza hesabu yake upya. Basi wanakua ndugu wawili wa baba mmoja, majina matatu yaleyale, kijiji kilekile. Darasa la nne tulikuwa na wawili wa namna hiyo, na mwalimu aliwaita kwa majina ya mama zao, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi pia sikuona ajabu. Kisha nikaenda chuo kikuu, nikarudi, nikakaa mbele ya mashine, na jambo nililolijua tangu utotoni likanitoka kichwani kama halikuwahi kuwamo.

Kila Ijumaa disketi zetu zilipelekwa Mombasa. Wiki iliyofuata tulirudishiwa orodha kwenye karatasi pana zenye matundu pembeni. Safu ya mwisho ilikuwa na herufi moja tu, iliyoonyesha kama mtu yu hai au amefariki.

Mwezi wa Julai, siku ambayo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ngazi za ofisi, alikuja mtu mmoja kutoka Msambweni. Alikuwa na miaka kama arobaini na tano, mwembamba, mikono yake imejaa makovu madogo ya fito. Alikuwa mtaalamu wa kuezeka makuti. Paa nyingi za hoteli za Diani zilipita mikononi mwake.

"Ndugu yangu ametutoka," alisema baada ya salamu. "Mkewe yuko eda, hawezi kutoka nje. Nimekuja mie nimfungie hesabu zake, asije akadaiwa na serikali huko aliko."

Nilimpa pole. Alikuwa amekwisha kuijaza fomu, kwa mwandiko wa mtu anayeandika polepole. Mahali pa jina la marehemu aliandika majina matatu. Mahali pa jina la anayetoa taarifa, akaandika majina yaleyale matatu.

Nikatabasamu. Niliona kwamba msiba umemchanganya, amejaza jina la marehemu mara mbili. Nikachukua rula, nikapiga mstari safi juu ya lile jina la chini, nikaandika, ndugu wa marehemu. Nakumbuka nilivyojisikia: mwema, mwenye subira, msaidizi wa wananchi. Alikitazama kidole changu kikisukuma kalamu. Watu wengi hawakuwa wakibishana na kalamu ya serikali.

"Ahsante, binti," alisema. "Mola akujaze kheri."

Alasiri ile niliiingiza taarifa. Mashine ilimpata marehemu mara moja.

Alirudi mwezi wa Septemba. Hoteli moja ya Diani ilikuwa imempa kazi ya kuezeka upya jengo lao lote la kulia chakula kabla ya mvua za vuli. Watalii walikuwa wamepungua miaka ile, hoteli nyingi zilikuwa zimefunga vyumba, na kazi kama ile haikupatikana mara mbili. Ilikuwa na maana kwake, kwa mafundi wake sita, na kwa wanawake waliomsukia makuti huko kwao. Ila hoteli ilitaka cheti cha kutodaiwa kodi, na ilikitaka ifikapo Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kikikosekana, kazi ingekwenda kwa kampuni ya Mombasa.

Mkuu wetu wa ofisi mwenyewe ndiye aliyesimama nyuma yangu nilipoandika namba yake. Alikuwa mtu wa bara, si mbaya, mwenye haraka ya kuhamishwa. Kioo kikaonyesha kwamba mtu huyo amefariki na hesabu zake zimefungwa.

"Hapa inasema amefariki," mkuu alisema.

"Amesimama hapa," nikasema.

"Mimi namuona. Lakini si mimi ninayetoa cheti. Ni mashine."

Yule fundi alicheka. Alidhani ni mzaha wa ofisini. "Basi kama mie marehemu, nirudishieni kodi niliyolipa mwezi uliopita. Marehemu halipi kodi."

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Mwanamume mmoja aliyebeba chupa ya mafuta ya taa alisema kwa sauti, "Na hitima yako mbona hatukuitwa? Pilau mmekula peke yenu?"

"Nilikula mie mwenyewe, hukuniona?" fundi akajibu, na foleni ikacheka tena. Kisha nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo. Aliinamia kaunta. "Hebu niambie, binti. Nilizikwa na nani? Maana ndugu yangu nilimzika mie."

Hapo ndipo nilipoielewa fomu ya Julai. Alikuwa amejaza sawasawa. Marehemu aliitwa vile, na aliyetoa taarifa aliitwa vilevile. Mimi nilikuwa nimemkata kwa rula.

Mkuu alimwambia arudi wiki iliyofuata. Alipoondoka nikajaribu kumrudisha. Programu haikuwa na njia ya kumfungua mtu aliyefungwa kwa kifo. Hilo lilifanywa Nairobi peke yake, na Nairobi ilichukua miezi. Nikajaribu kumwingiza upya kama mtu mpya. Mashine ikasema rekodi hiyo ipo, niunganishe au la. Nikijibu ndiyo, anarudi kwa wafu. Nikijibu hapana, inaganda. Nilijibu hapana mara tatu siku ile. Mara tatu nikaizima, nikaiwasha, nikaanza upya. Siku hizi nikisikia watu wakilaani mtandao wa kodi uliokwama siku ya mwisho ya kujaza fomu, naielewa hasira yao, lakini mimi hunijia picha ya kioo kile cha kijani kilichouliza swali moja na kukataa jibu moja.

Saa kumi mama wa masjala alikuja na chai. Alinikuta nimeshika kichwa.

"Msomi, mashine imekutia pepo?"

Nikamweleza. Nilisema haraka, bila mpango, nikaruka kutoka kwenye fomu hadi kwenye herufi hadi kwa ng'ombe wa baba, ambao hawakuhusika. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, akarudi na kadi mbili za manjano zenye majina sawa, akaziweka mbele yangu.

"Umesoma hapa?" Alionyesha pembeni mwa kadi.

Kulikuwa na mwandiko wa penseli, mdogo, uliofifia. Kwenye kadi moja: wa mke mkubwa. Kwenye nyingine: wa mke mdogo, makuti.

"Hivi ndivyo tulivyowatenga," alisema. "Miaka yote. Penseli, kwa sababu kalamu ni ya serikali na haya si mambo ya serikali. Uliona?"

Nilikuwa nimeona. Kadi nyingi zilikuwa na penseli pembeni: wa mama fulani, aliyehamia Lunga Lunga, mrefu, mwenye duka, mjukuu. Mashine haikuwa na nafasi ya maneno hayo, nami nikayachukulia kuwa uchafu wa makarani.

Kadi zote zilizokwisha kuingizwa zilikuwa zimefungwa ndani ya magunia barazani nyuma, zikingoja gari la kuzipeleka kuchomwa. Mkuu alikuwa amekwisha kuomba gari hilo. Bahati ni kwamba magari ya serikali hayakuwa na haraka.

Jumamosi nilikwenda Msambweni. Nilijiambia naenda kumweleza ukweli kabla hajausikia kwa mwingine. Njia nzima nilipanga sentensi, nikazipangua. Nikimwambia kosa ni la mashine, si uongo. Nikimwambia kosa ni langu, je, si kujipa ukubwa nisiokuwa nao? Na kama atakasirika? Na kama hatakasirika, itakuwa vibaya zaidi? Nilifika bila sentensi hata moja.

Alikuwa uani, akikagua makuti yaliyorundikwa tayari kwa kazi ambayo hakuwa na hakika nayo. Wanawake wanne walikuwa wakisuka kivulini na kutaniana. Mmoja alimwita, "Marehemu, mgeni wako huyu!" Wote wakacheka, naye akacheka, lakini nikamwona akitazama upande wa nyumba kama anayeomba mtu fulani asiwe amesikia.

Alikuwa mama yake. Alikuwa mzee sana, amekaa kwenye mkeka mlangoni, leso imemfunika mabega. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akanishika mkono, hakuuachilia.

"Wewe ndiwe wa serikali?"

"Ndimi, bibi."

"Ndinyi mlioandika kwamba mwanangu amekufa?"

"Mama, ni makosa ya karatasi tu," fundi alisema. "Nilikwambia."

Bibi alinigeukia. Alizungumza na mimi, polepole, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kidigo, na nilielewa kila neno. Alisema mume wake alikuwa na wanawe wawili wa kwanza wenye jina la babu yao. Mmoja wake, mmoja wa mke mwenzake. Alisema walipokuwa wadogo, mmoja akiugua wote wawili walipewa dawa, kwa sababu jina ni moja na ugonjwa hauwezi kujua ni yupi. Mwezi wa Julai jina lile lilitiwa kaburini. "Sasa mmelizika tena," alisema. "Mie simwiti tena kwa jina. Naogopa. Nikimwita, nani ataitika?"

"Tangu siku ile ananiita Baba," fundi alisema, akijaribu kucheka. "Baba njoo ule. Baba funga mlango. Yaani nimekuwa baba wa mama yangu."

Kila alipopita karibu, bibi alinyoosha mkono akamgusa mguu au shati, bila kumtazama, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu bado kipo mahali pake. Nilihesabu mara nne. Nilikunywa dafu nililopewa. Nikasema tutajitahidi. Nikaondoka bila kuwa nimesema nililoendea, na njiani nilimwona yule bibi mbele ya macho yangu hata nikiyafumbua. Tena si yeye peke yake. Nilianza kufikiri kuhusu nyumba nyingine, Kinango, Lunga Lunga, Matuga, ambako labda mtu alikuwa amekaa akila chakula chake bila kujua kwamba mahali fulani, kwenye karatasi yenye matundu, herufi yake ya mwisho ilikuwa imebadilika. Watu hao hawakuwa na habari. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikiishi nao.

Jumatatu nilimwambia mkuu kila kitu. Alikuwa na rasimu ya ripoti mezani, akaigeuza kifudifudi.

"Ngoja. Nani mwingine anajua?"

"Mama wa masjala."

"Huyo hajui kompyuta." Alivuta pumzi. "Sikia, msichana. Kazi imeisha. Nimeandika imeisha bila kasoro. Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi na nimeshapendekeza wakuajiri kabisa. Ukianza kuandika mambo ya makosa, hilo pendekezo nitalitetea vipi?"

"Na fundi?"

"Aende kortini aape kwamba yuko hai. Watu wanafanya hivyo."

"Hoteli inataka cheti Ijumaa."

"Basi hapo sasa," alisema, na akaigeuza ripoti yake tena, kwa upole, kama mtu anayenifungulia mlango nitoke.

Kwa haki, hakunitisha. Alinieleza tu mambo yalivyo. Nilirudi kwenye kiti changu nikamfikiria baba akisikia kwamba nimeajiriwa kabisa. Nikamfikiria akisikia kwamba sikuajiriwa. Nikafikiri labda fundi angepata kazi nyingine. Nikafikiri labda kampuni ya Mombasa ingekataa. Nikafikiri labda kwa kweli hapakuwa na mwingine, ni yeye peke yake, na mimi nakuza mambo kama kawaida yangu.

Hilo la mwisho lilikuwa na dawa. Kadi zilikuwa barazani.

Nilimwomba mama wa masjala anisaidie. Kwa siku mbili, mchana wakati mkuu alipokwenda kula, tulifungua magunia na kuzipanga kadi sakafuni. Mimi nilisoma majina kwenye orodha ya Mombasa, yeye akatafuta.

"Huyu na huyu?"

"Mtu na babu yake. Babu alikufa zamani, alikuwa na duka la kwanza la Kinango."

"Hawa?"

"Mtu mmoja. Alijiandikisha mara mbili, alikuwa mlevi. Hapo ulifanya sawa."

"Hawa?"

Akaziweka kadi zote mbili gotini. "Ndugu. Mmoja ni mwenye lori pale Mackinnon Road. Yu hai huyo, juzi tu alipita hapa akaniletea mkaa." Akanitazama. "Umemfunga?"

Orodha ilisema nimemfunga.

Hatukumaliza magunia yote. Tulipofika pale tulipofika, nilikuwa na jozi kumi na tisa za watu wawili niliowafanya mmoja, na jozi saba kati ya hizo zilikuwa zimefungwa kama wafu hali mmoja wao yu hai. Ajabu ni kwamba idadi ilinituliza kidogo. Wasiwasi wangu wote ulikuwa wa watu wasiohesabika. Sasa walikuwa na majina, na pembeni mwa kila jina kulikuwa na penseli.

Nikaandika barua. Niliandika rasimu nyingi, na nikampa mama wa masjala ile niliyoiona bora. Aliisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka puani.

"Rekodi ziliunganishwa," alisoma kwa sauti. "Ziliunganishwa na nani? Na jini?"

"Ndivyo barua za kiserikali zinavyoandikwa, mama."

"Mwanangu, miaka yote nasoma barua za kiserikali. Ndiyo maana hakuna anayejulikana alifanya nini." Akanirudishia. "Ukipeleka hii, watauliza mashine. Na mashine hawezi mtu kuiuliza."

Niliichana. Alhamisi asubuhi, badala ya kukikunja kile kitambaa cheupe na kuiwasha mashine, niliandika barua nyingine kwa mkono kwenye karatasi ya ofisi. Niliandika kwamba programu huganda mtu akijibu hapana. Niliandika kwamba, kwa kuogopa kupoteza kazi ya siku, nilijibu ndiyo, hata pale ambapo kadi zilionyesha wazi kuwa ni watu wawili. Niliandika kwamba nilikata jina la mtu aliye hai kwa kalamu yangu kwa sababu sikumuuliza swali moja. Nikaambatanisha fomu ya Julai yenye mstari wangu safi wa rula, kadi mbili za ndugu wale, na orodha ya jozi kumi na tisa. Nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika jina langu kwa herufi kubwa.

Sikuiweka kwenye mfuko wa barua wa ofisi, kwa sababu mfuko ule ulipitia mezani kwa mkuu. Nilimwachia ujumbe kwamba nimekwenda Mombasa kwa kazi ya ofisi, na kwamba nakala ya barua iko mezani kwake. Nilikutana na fundi Likoni, kama nilivyomwagiza kwa dereva wa matatu, tukavuka kwa feri. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Alhamisi, amebeba kitambulisho chake ndani ya mfuko wa nailoni kama kitu kinachoweza kulowa.

Feri ilipokuwa katikati ya maji nikamwambia. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyekata jina lake, na kwamba ni mimi niliyewaunganisha yeye na nduguye kabla ya hapo. Aliukunja na kuukunjua mfuko wake wa nailoni mpaka tukakaribia upande wa pili.

"Nilikuona ukilikata," alisema. "Nikasema moyoni, huyu kasoma, lazima anajua anachofanya." Kisha akasema, "Nami ningeweza kufungua mdomo."

Feri ilipogota, alitangulia kushuka.

Ofisa wa Mombasa alikuwa mwanamke wa makamo, mezani kwake pana marundo ya karatasi zenye matundu kutoka pwani nzima. Aliisoma barua yangu mara mbili. Alimtazama fundi, akakitazama kitambulisho, akazilinganisha kadi. Aliuliza penseli ile iliandikwa na nani. Nikamwambia.

"Mkuu wako anajua uko hapa?"

"Kwa sasa atakuwa amejua."

Akavua miwani. "Huyu ninaweza kumpa cheti cha mkono leo, cha muda, mpaka Nairobi wamfungue. Lakini siwezi kukitoa hewani. Lazima pawe na kitu kwenye faili kinachosema kwa nini mtu aliyekufa amepewa cheti, na kitu hicho ni hii barua. Nikiipiga muhuri, imepokelewa. Itasomwa Nairobi, itasomwa na watu wanaoamua nani aajiriwe na nani asiajiriwe. Na hizi jozi nyingine kumi na nane zitafunguliwa majalada, na kila jalada litakuwa na jina lako." Aliusukuma ule ukurasa wa mwisho kuelekea kwangu, kidogo tu. "Unaweza kuichukua, ukaandika nyingine isiyo na maneno mengi hivi. Nitangoja mpaka saa saba."

Fundi alikuwa akitazama sakafu. Hakunitazama, na najua alifanya hivyo ili nisione anachotaka.

Nilijaribu kufikiri, kama nilivyozoea, juu ya kila kitu kinachoweza kutokea baada ya hapo, na kwa mara ya kwanza tangu fundi aambiwe kwamba amefariki sikuweza kufika mbali. Niliusukuma ukurasa ukarudi upande wake.

"Ipige muhuri," nikasema.